Kinanda cha Kwaya na Nyimbo za Wajapani

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo ambalo limewatia vijana wengi aibu isiyo na sababu. Neno lenyewe ni kopi. Wanamuziki wetu wa siku nyingi wanalijua vizuri. Bendi ikipanda jukwaani ikapiga wimbo wa watu wengine, waliokaa mbele husema, "Leo wanapiga kopi." Wapo wanaosema hivyo kwa kusifu, maana kopi imefanana na wimbo wenyewe. Na wapo wanaosema kwa kubeza, maana kwao mpiga kopi ni kasuku tu, anarudia asichokijua. Swali langu la leo ni hili: kijana asiye na mwalimu, asiye na chuo, asiye na hata kinanda cha kwake mwenyewe, atajifunza wapi muziki kama si kwa kopi?

Swali hili sikulitunga kitandani. Limenijia kutoka Kawajense.

Kwa wale wenzangu wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza ambao ramani yao inaishia Tabora, nifafanue. Kawajense ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, na Mpanda ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Reli ya tawi inayotoka Kaliua hukata pori takriban kilomita 210 na kuishia hapo. Wakoloni waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa ajili ya abiria, sembuse muziki. Kwa miaka mingi tumezoea kuamini kwamba kila kitu hufika mwisho wa reli kikiwa kimechelewa. Lakini siku hizi nyimbo hazipandi treni. Wimbo ukitoka Tokyo leo asubuhi, jioni umeshafika Kawajense, mradi mtu awe na bando.

Sasa yuko kijana mmoja hapo Kawajense. Jina lake silitaji, maana bado anakaa kwa wazazi wake. Amemaliza kidato cha nne, na anapiga kinanda katika kwaya ya kanisa moja la mtaani. Hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kusimama nyuma ya mpiga kinanda wa zamani, akiangalia vidole vinakwenda wapi. Yule bwana alipohamishwa kikazi mkoa mwingine, kwaya ikabaki na kinanda kisicho na mpigaji, na kijana akasogea kwenye kiti. Jumapili anapiga nyimbo za kwaya. Siku za katikati ya wiki, akishafagia kanisa, huchukua simu yake, huifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye kigoda kilichopandishwa juu ya benchi, huielekeza kwenye vidole vyake, kisha hupiga nyimbo za katuni za Kijapani. Akimaliza anaziweka kwenye YouTube, dunia nzima itazame.

Uso wake hauonekani katika video hizo. Inaonekana mikono miwili, vitufe vyeupe na vyeusi, na kwa pembeni ukingo wa kitambaa cha madhabahu. Ukingo huo ndio ulioleta maneno. Mzee mmoja wa kanisa alionyeshwa video na mjukuu wake. Wimbo hakuutambua, lakini kitambaa alikitambua mara moja.

Baba wa kijana tunafahamiana. Alinipigia simu akasema, "Ndugu mwandishi, wewe ni mtu wa redio, mambo ya muziki unayajua. Mwanangu kaingia kwenye katuni. Angekuwa anapiga Bongo Fleva, ningeelewa. Lakini katuni za Wajapani! Na wazee wa kanisa wanataka kumnyang'anya ufunguo." Nikaenda.

Mashtaka, kama nilivyoyasikia, yalikuwa manne. La kwanza, kinanda kimenunuliwa kwa michango ya waumini, hakikununuliwa kwa nyimbo za dunia. La pili, katuni ni mambo ya watoto. La tatu, hizo ni nyimbo za kigeni, na sisi tuna nyimbo zetu. La nne, na hilo ndilo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti, ni kwamba anachukua kazi ya watu bila ruhusa, na kuchukua bila ruhusa kuna jina lake. Nimeyapima mashtaka haya yote. Naomba tuyapitie pamoja, lakini kwanza tumsikilize mshtakiwa.

"Shikamoo, mzee," aliniambia.

"Marahaba. Hebu nipigie hizo nyimbo zinazokuletea kesi."

Akapiga muziki wa huzuni kutoka katuni ya Naruto, iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 2002, muziki uliotungwa na Toshio Masuda. Ni muziki wa polepole, hauna maneno. Nilipomwuliza alijifunza vipi, alinieleza kazi ambayo mwanafunzi wa chuo angeweza kuionea wivu. Anaisikiliza sehemu moja fupi. Anapunguza mwendo wa video ukawa nusu. Anatafuta besi kwa mkono wa kushoto kabla ya kitu kingine chochote. "Besi ikipatikana, mzee, wimbo hauwezi kukimbia tena," alisema. Kisha anatafuta sauti ya juu, halafu anajaza katikati. Kila anachokipata anakiandika katika kauntabuku kwa do-re-mi, maana hiyo ndiyo hati pekee ya muziki aliyoiona kwa mwalimu wa kwaya. Nilipitisha macho kwenye kauntabuku hilo. Kurasa nyingi zimeandikwa, zimefutwa, zimeandikwa tena.

Nyimbo za kufungulia katuni hizi, ambazo wenyewe huziita anime, kwa kawaida hukatwa zikawa za dakika moja na nusu, ili zienee katika muda wa televisheni. Kwa kijana mwenye bando la kuhesabu, dakika moja na nusu ni somo linalolipika. Analipakua mara moja, analirudia wiki nzima.

Nije sasa kwenye shtaka la pili, kwamba katuni ni mambo ya watoto. Ndugu zangu, tusihukumu chungu kwa masizi. Wajapani wamekuwa wakitengeneza katuni za mfululizo wa televisheni tangu mwaka 1963, ilipoanza ile ya Astro Boy, na kwa miaka yote hiyo wamewakabidhi muziki wake watunzi wenye uzito. Yoko Kanno alipotunga muziki wa Cowboy Bebop mwaka 1998, alipiga jazi, tena jazi ya tarumbeta nyingi. Hiroyuki Sawano, katika Attack on Titan ya mwaka 2013, alichanganya okestra na kwaya na magitaa ya umeme. Na filamu ya Spirited Away ya mwaka 2001, yenye muziki wa Joe Hisaishi, ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Mtoto anaweza kutazama katuni hizo, ni kweli. Lakini mtoto hawezi kuupiga muziki huo.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo nitalieleza kwa lugha nyepesi. Nyimbo nyingi za kwaya zetu, na nyingi za dansi pia, hutembea juu ya nguzo tatu: kodi ya do, ya fa na ya so. Ni nguzo imara, zimebeba nyimbo nzuri mno. Lakini nyimbo nyingi za Kijapani hupenda kutembea fa, so, mi, la, na Wajapani wana jina la njia hiyo, wanaiita njia ya kifalme. Ni kama mtu anayefika mlangoni kwake, ukategemea ataingia, kumbe anazunguka uani kwanza. Kijana wetu alipoijua njia hiyo, Jumapili moja aliipitisha ndani ya wimbo wa kwaya. Akina mama wa sauti ya pili walipotea kidogo, wakatazamana, kisha wakaipata. Mwalimu wa kwaya aliniambia kwamba sasa wao wenyewe wanaidai. Basi ni nani aliyesema katuni hazijalisaidia kanisa?

Shtaka la tatu ni la ugeni. Hili huwa linasemwa kwa uchungu wa kweli, na mimi siudharau uchungu huo. Lakini tuulize: sisi tulipataje hicho tunachokiita chetu?

Mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kutoa santuri zilizojulikana kwa herufi za GV, nyingi zikiwa na muziki wa Cuba, zikasambaa Afrika. Vijana wa Kongo na wa Afrika Mashariki wakazizungusha mpaka zikakwaruzika, wakaiga magitaa, wakaiga ngoma, wengine wakaimba maneno ya Kispania wasiyoyajua maana. Walikuwa wakipiga kopi. Kutokana na kopi hiyo ukaja muziki wa rumba na wa dansi, ambao leo babu akiusikia redioni anafuta machozi na kusema, "Huu ndio muziki wetu."

Twende Mombasa. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa pwani nzima kwa taarabu zilizofuata mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi, akiweka juu yake mashairi ya Kiswahili yaliyokwenda shule. Hizo zilikuwa filamu za Bombay, na hizi za leo ni za Tokyo. Tofauti ni bahari ipi imevukwa. Na turudi Dar es Salaam, kwenye mchiriku, ule muziki wa uswahilini wenye asili katika ngoma za Wazaramo. Ukiondoa ngoma, roho ya mchiriku ni kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho kwa Mjapani kilikuwa karibu sawa na cha mtoto kuchezea. Vijana wakakiunganisha na vipaza sauti vikuukuu, kikalia kwa namna ambayo waliokitengeneza hawakupata kuiota. Kundi la Jagwa Music lilikipeleka kinanda hicho mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya.

Kwa hiyo mimi naona ugeni wa kitu haupimwi mlangoni kinapoingia. Unapimwa baada ya miaka, ukiangalia wenyeji wamekifanya nini.

Na hapa niliwaomba wazee jambo moja, kwa heshima zote. Niliwaomba wasome maandishi yaliyoko mbele ya kinanda chao. Yameandikwa Yamaha. Wazee wangu, nikasema, kinanda mnachokilinda kisiingiwe na Wajapani kimetoka kwa Wajapani. Walicheka, na kicheko kilitusaidia. Nikawasimulia habari ya huyo Yamaha mwenyewe, ambayo naona inafaa isimuliwe katika kila nyumba yenye kijana anayeiga.

Torakusu Yamaha alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali katika mji wa Hamamatsu. Mwaka 1887 aliitwa kwenye shule moja ya msingi kutengeneza kinanda cha kukanyaga kwa miguu kilichotoka Marekani, kilichokuwa kimeharibika. Akakifungua, akaona kilivyoundwa, akakichora, kisha akaunda cha kwake kwa kuiga. Kopi hiyo! Lakini alitaka wajuzi wa Tokyo wakipime. Yeye na mwenzake wakakibeba mabegani kwa mti, wakavuka milima ya Hakone kwa miguu mpaka kwenye taasisi ya muziki. Wajuzi wakakisikiliza, wakamwambia ukweli: umbo zuri, sauti hazikulingana. Hawakumfukuza. Walimruhusu akae hapo mwezi mzima akijifunza kanuni za muziki na jinsi ya kulinganisha sauti. Akarudi nyumbani, akaunda cha pili, na hicho kikakubalika.

Ndugu wasikilizaji, katika kisa hicho mimi naona vitu vitatu. Kuna kopi, kuna mtu wa kukuambia ukweli kwamba sauti hazikulingana, na kuna mwezi mmoja wa kufundishwa. Kijana wetu wa Kawajense kitu cha kwanza anacho. Cha pili na cha tatu hana, na hapo ndipo penye kilio chetu.

Maana kujifundisha mwenyewe kuna mipaka yake, na nisiposema hivyo nitakuwa namdanganya. Kijana huyu anapiga karibu kila wimbo katika ufunguo mmoja, ule usiohitaji vitufe vyeusi vingi. Mwimbaji akitaka wimbo upande au ushuke, yeye anabonyeza kitufe cha kinanda kinachohamisha sauti, vidole vinabaki palepale. Inasaidia, lakini siku atakayokaa mbele ya kinanda kisicho na kitufe hicho atakuwa kama dereva aliyefundishwa barabara moja. Vidole vya mkono wa kushoto navyo anavipanga kwa kubahatisha. Nilimwona kidole cha mwisho kikijikunja kwa uchungu kwenye mwendo wa haraka. Na muziki ulioandikwa kwa mistari mitano hawezi kuusoma, kwa hiyo hazina yote iliyoko kwenye vitabu imefungwa kwake mpaka mtu mwingine aipige kwanza. Haya si makosa yake. Haya ni mambo ambayo mwalimu angeyarekebisha kwa majuma machache.

Mwalimu yuko wapi? Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo, kilianza mwaka 1981, na siku hizi kinaitwa TaSUBa. Zanzibar kipo chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kinachofundisha tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Vyote viko ukingoni mwa bahari, na kutoka Mpanda mpaka huko ni zaidi ya kilomita elfu moja. Nauli, ada, chakula, malazi: baba wa Kawajense akipiga hesabu hiyo, anamwambia mwanawe akanunue pikipiki. Hatuwezi kumlaumu.

Sasa shtaka la nne, la kuchukua mali ya watu. Hili sikulifanyia mzaha, na kijana mwenyewe hakulifanyia mzaha. Alinionyesha ujumbe wa Kiingereza uliomjia chini ya video yake mojawapo, unaosema kwamba muziki huo una mwenyewe. Alikuwa amekaa nao siku kadhaa akidhani atakamatwa.

Nilimweleza, na nawaeleza ninyi pia wazazi, maana ujumbe huo utafika kwenye nyumba nyingi. YouTube ina mtambo, uliowekwa mwaka 2007, unaosikiliza video na kuzilinganisha na kazi zilizosajiliwa na wenyewe. Ukitambua wimbo, mwenye wimbo anachagua moja kati ya mambo matatu: kuizuia video, kuiacha huku akifuatilia tu inatazamwa wapi, au kuiacha na yeye achukue fedha za matangazo. Ujumbe wa namna hiyo si hati ya polisi. Ni mwenye shamba anayekuambia, "Nimekuona, endelea kupita, lakini mahindi ni yangu."

Na ni haki yake. Anayepiga kopi ana haki juu ya vidole vyake, yaani juu ya namna alivyopiga. Wimbo wenyewe ni wa mtunzi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Japani, tangu mwisho wa mwaka 2018, ni miaka 70 baada ya kufa. Chama cha kusimamia haki za watunzi wa huko, JASRAC, kilianzishwa mwaka 1939, na mwaka 2008 kiliingia makubaliano na YouTube ili watunzi walipwe nyimbo zao zinapotumika. Ndiyo maana video nyingi za namna hii zinaachwa zikae. Kujifunzia nyumbani hakumsumbui mtu. Maswali yanaanza unapoitoa kazi hadharani, na yanakuwa makubwa zaidi unapotaka kula kutokana nayo. Anayeota gari kwa sababu ya kopi ajue kwanza kwamba ili apate mgawo wa matangazo YouTube inataka watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na akishafika huko, sehemu ya fedha za wimbo wa mwingine inamhusu huyo mwingine.

Kuna deni moja, hata hivyo, ambalo halihitaji fedha. Ni kutaja jina. Nilimwambia kijana: chini ya kila video andika wimbo unaitwaje, katuni ipi, nani kautunga, mwaka gani, kisha andika kwamba kinanda kimepigwa na wewe. Alifanya hivyo jioni ileile, video baada ya video, na kwa kuwatafuta watunzi akagundua kwamba nyimbo tatu alizozipenda kuliko zote zimetungwa na mtu mmoja. Hakuwa anajua. Hapo akapata mwalimu ambaye hajawahi kumwona.

Sisi Watanzania tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa deni hili. Wanamuziki wetu wamelia miaka mingi kwamba kazi zao zinapigwa kwenye mabasi, mahotelini na kwenye sherehe, na wao wanaambulia makofi. Hatuwezi kudai haki mbele ya COSOTA kwa kazi za Mtanzania, halafu tukasema ya Mjapani haina mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Basi shtaka la kwanza ndilo limebaki, la kinanda cha michango. Wazee walikaa. Sikuingia kwenye kikao chao, maana si mahali pangu, lakini walichoamua walinieleza na wameniruhusu nikiseme. Ufunguo kijana hakunyang'anywa. Amepewa alasiri mbili kwa wiki. Siku anazotumia kinanda kwa mambo yake anachangia umeme wa LUKU. Kitambaa cha madhabahu kisionekane kwenye picha. Na sharti la mwisho, ambalo alilileta yule yule mzee aliyekitambua kitambaa: kila alasiri akae na watoto wawili wa kwaya awafundishe anachokijua. "Asije akahama naye," mzee alisema, "tukabaki tena na kinanda kimenyamaza."

Mimi nimekaa kwenye kazi ya utangazaji zaidi ya miaka ishirini na nimesikia maazimio mengi ya semina kuhusu kukuza vipaji. Sijasikia lililo fupi na la maana kama hilo.

Kwa hiyo nawageukia wengine. Hesabuni makanisa ya mtaani kwenu, iwe Mpanda, iwe Mbagala, iwe Mabatini. Mengi yana kinanda. Jumapili kinalia, na siku sita kinakaa kimefunikwa kitambaa, huku mtaani kuna mtoto anayebonyeza kinanda cha kuchora kwenye kioo cha simu. Maafisa utamaduni wa halmashauri, mnaweza kuanza na orodha tu: vinanda vipo wapi, funguo anazo nani, na ni mwalimu gani mstaafu anayesoma nota ambaye angekuja mara moja kwa mwezi. Nanyi wa vyuo vya pwani, tumeni mwalimu mmoja kwa majuma manne wakati wa likizo huko mwisho wa reli. Yamaha alihitaji mwezi mmoja tu.

Wazazi, nawaombeni msiulize kwanza wimbo umetoka wapi. Ulizeni mtoto amekaa nao muda gani, na ameuandika wapi. Mtoto anayeweza kurudia dakika moja na nusu wiki nzima mpaka sauti zilingane ana kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Na ninyi vijana wa kopi, neno langu la mwisho ni lenu. Joe Hisaishi, yule wa filamu iliyopata Oscar, si jina alilopewa na wazazi wake. Wazazi walimwita Mamoru Fujisawa. Jina la kazi alilichukua kwa kuligeuza Kijapani jina la Quincy Jones, mwanamuziki wa Marekani aliyempenda. Aliiga hata jina! Lakini leo ukisikia kipande cha piano chake husemi, "Huyu ni Quincy Jones wa Japani." Unasema, "Huyu ni Hisaishi." Igeni basi, igeni kwa bidii, tena mtaje mlikoiga. Lakini kila mkimaliza kopi tano, jilazimisheni kutunga moja yenu, hata kama ni mbovu, hata kama ni ya nusu dakika. Zipo ngoma za babu zenu huko Katavi ambazo hakuna aliyezipitisha kwenye njia ya fa, so, mi, la. Anayejua atatoa nini atakayejaribu ni nani, kama si nyinyi?

Kijana wa Kawajense ameniahidi ya kwanza. Amesema ataiandika kwenye kauntabuku upande wa nyuma, mbali na za Wajapani.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa uzima, tukutane tena wiki ijayo.